Kiti cha Nyuma cha Mgonjwa

Ngezi, Bunia, jioni

Riziki binti yangu,

Mama zako wadogo wamejaa jikoni, na moshi wa sombe, majani yao ya muhogo, umenifuata mpaka hapa karakanani nilipokaa kukuandikia. Nasikia wanakupa maagizo: chemsha maji, usitembee peke yako, usilale na dirisha wazi, andika barua kila wakati. Mimi sitaongeza hata moja. Ukiyafuata yote uliyopewa tangu asubuhi, hutapata nafasi ya kusoma huo uuguzi unaoufuata Kisangani.

Nataka kukujibu swali moja tu. Jana uliingia ndani ya gari kulifuta vumbi, ukatoka na kitambaa mkononi na uso umeukunja, ukauliza, "Papa, kiti ya nyuma iko wapi?" Mimi na mama yako tukatazamana, tukacheka. Mama yako alicheka mpaka akashika ukuta. Ukasema, "Hata siku ya safari yangu?" ukaingia chumbani na kufunga mlango. Ulidhani tunakucheka wewe. Tangu jana sijaacha kukifikiria kicheko kile, maana sitaki uondoke nacho namna ile. Basi kaa kitako, hata kama uko juu ya sanduku lako, nikuambie tulikuwa tunacheka nini.

Wewe gari letu unalijua likiwa zee lenye viraka. Mimi nililiona likiwa kijana. Lilikuwa la Mgriki mmoja, mnunuzi wa kahawa, aliyelileta kwa meli mpaka Mombasa, na kutoka huko likabebwa juu ya kamyo, lori kubwa, lisikanyage matope. Mustang ya Kimarekani, rangi ya kijani iliyoiva, boneti ndefu, na puani farasi mdogo wa chuma anayekimbia. Hapa kwetu watu wanajua ng'ombe, farasi hawamjui, na watoto wa mtaa wa Mudzipela walisema ni ng'ombe aliyeibiwa pembe. Siku ya kwanza lilipopita mbele ya soko nilikuwa nimebeba kitanda kichwani, nakipeleka kwa mteja. Sauti yake haikunifika masikioni kwanza, ilinifika tumboni. Nilisimama na kitanda changu katikati ya barabara mpaka lilipopotea, na watu wa baiskeli wakanitukana kwa lugha zote za Ituri.

Mimi ni seremala, Riziki. Najua ubao uliopindwa kwa nguvu, na najua ubao uliokubali kupinda. Yule aliyetengeneza mbavu za gari lile, huko kwao Amerika, alilibembeleza bati mpaka likakubali lenyewe. Kutoka taa ya mbele mpaka taa ya nyuma mkono wako hauoni mahali pa kukwama. Nimejaribu miaka yote kuchonga mgongo wa kiti uwe hivyo na sijafaulu. Nililipenda gari lile kabla sijajua hata jinsi ya kulifungua mlango, na sioni haya kusema hivyo.

Mwaka ambao Wagriki wengi walikuwa wanafunga maduka, huyu naye alifungasha. Gari wakati huo lilikuwa limelala muda mrefu kwenye banda la kahawa, moteri, yaani injini, imekufa. Hakuna mfanyabiashara aliyelitaka. Ndugu zangu wa Butembo walioingia Bunia kuuza maharagwe walilitazama wakacheka: milango miwili tu, halibebi gunia, tumbo linagusa chini, na esansi, petroli ya watu, linainywa bila huruma. Nililitaka mimi. Akiba niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya mashine ya randa iliishia pale, na mama yako sikumwuliza.

Lilifika hapa Ngezi likivutwa kwa kamba. Mama yako alitoka na unga mikononi, akalizunguka polepole, akagonga boneti kwa kidole kama mtu anayebisha hodi. Nilingoja ugomvi. Akasema tu, "Sasa huyu mugonjwa atalala wapi?"

Ndiyo maana linaitwa Mgonjwa. Watu wengi wanadhani ni kwa sababu linakohoa asubuhi, lakini jina alilitoa mama yako siku ile ile, na mtaa mzima ulilipokea. Unajua desturi yetu: mgonjwa akiwa kwa jirani, hupiti bila kuingia. Basi wakaanza kuingia. Asubuhi wanawake wakielekea sokoni walisimama kwenye ua: "Mama, mugonjwa iko namna gani leo?" Na mama yako, bila kucheka, alijibu: "Alilala muzuri, lakini hataki kula." Mtu mmoja alileta ndizi. Mwingine alileta yai, akaliweka juu ya boneti. Papa Uketi, yule kinyozi aliyetoka Mahagi, mwenye kibanda Mudzipela, alikuja Jumapili na suti yake ya kanisani, akavua kofia mbele ya gari, akauliza kama padri ameshaitwa.

Mimi sikucheka nao. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na lilizaa mengine yote. Niliona wanalidharau gari langu. Sikuona kwamba walikuwa wamelikubali liwe mtu wa mtaa.

Nilinunua turubai kubwa, nikalifunika, nikalifunga kwa kamba pande zote. Nilisema asiliguse mtu. Nilinunua bateri mpya kabla hata moteri haijageuka, kwa uchu tu. Mafundi wa kamyo waliniambia moteri inaweza kupona kama ikipata kabureta nyingine, na kabureta ya namna ile labda Kampala. Nikapanda juu ya magunia ya maharagwe, nikaenda Kampala. Mama yako nilimwacha na mimba, na mimba yenyewe ilikuwa wewe.

Nilikawia huko. Mara mwenye kitu hayupo, mara yupo lakini amebadili mawazo, mara njia haipitiki. Nilipopata kabureta niliivika shati langu, nikarudi nimeipakata njia nzima. Nilifika mchana wa jua. Sikunawa hata uso. Nilifungua kamba za turubai.

Kioo cha pembeni hakikuwapo. Kiti cha nyuma hakikuwapo. Bateri, mpya kabisa, haikuwapo.

Nilimwita mama yako kwa sauti ambayo natumaini wewe hutaisikia kwa mume yeyote. Alikuja na tumbo lake mbele, akasimama.

"Bateri iko wapi?"

"Iko kwa Mama Sifa, mukunga, ku materinite. Beko banazalisha bamama mu giza."

"Na kiti?"

"Kiti iko kwa kwaya. Kulikuwa arusi. Bibi arusi atakaa chini?"

"Na kioo?"

"Uketi. Yake ilipasuka."

"Juu ya nini haukuniuliza?"

"Ningekuuliza fasi gani? Weye ulikuwa Kampala." Kisha akasema kwa upole, jambo ambalo ndilo lililonichoma zaidi: "Baba, kitu ya kulala inaoza. Siku mugonjwa atapona, beko batarudisha yote."

Mpaka leo nasema angengoja nirudi aniulize. Yeye mpaka leo anasema ningekataa. Wote wawili tunasema kweli. Lakini siku ile nilitaka kweli iwe yangu peke yangu. Nilichukua mkokoteni wa mbao, nikaenda kukusanya mali yangu.

Nilianza kwa Uketi. Alikuwa ananyoa mtu. Upande mmoja wa uso wa yule mtu ulikuwa safi na upande mwingine ulikuwa bado na povu, na wote wawili walikuwa wanatazama ndani ya kioo changu, kilichotundikwa kwa msumari. Nilikishusha bila salamu. Uketi alibaki na wembe hewani. Yule mteja alinyoosha shingo kufuata kioo kinavyoondoka. Kisha nikaenda nyumba ya kwaya. Vijana waliokuwa wamekaa juu ya kiti walisimama kwa heshima, wakidhani nimekuja kuwasikiliza wakiimba. Nilikiburuta kiti katikati yao.

Mwisho nilikwenda kwa Mama Sifa, mkunga. Unamjua, amezeeka sasa, lakini wakati ule alikuwa na mikono ya chuma. Bateri ilikuwa kwenye kona, imepanguswa vizuri, na nyaya mbili zinapanda mpaka kwenye balbu ndogo juu ya kitanda. Nilinyoosha kidole tu. Hakubishana. Alifungua waya mmoja, akafungua wa pili, akaniinulia bateri yeye mwenyewe mpaka kwenye mkokoteni. "Aksanti, Baba," akasema. "Ilitusaidia sana." Kisha akaanza kutafuta koroboi yake.

Asante ile, Riziki, nimeibeba kuliko kitu chochote nilichobeba katika maisha yangu.

Asubuhi mama yako alikuwa amejifunga kitenge chake cha safari, kikapu kichwani. Hakulia na hakutukana. "Naenda kuzalia kwetu," alisema. "Ku Aveba bateri hakuna. Lakini hakuna na mutu ya kuizimisha." Akatoka. Nilimwona akipita kwenye barabara ya Bogoro kwa ule mwendo wake wa kutokugeuka nyuma, na nilijiambia atarudi kesho. Hasira hasara, wanasema wazee. Nilikuwa na mali yangu yote na nyumba haina mtu.

Basi nikafanya nilichokitaka. Niliondoa turubai nianze kulitengeneza gari. Hapo ndipo nilipoona, na nakuandikia hili kwa utaratibu kwa sababu ni kitu nilichokiona kwa macho yangu, si fundisho nililolisikia mahali.

Viti vya mbele, vilivyobaki chini ya turubai kwa usalama, panya walikuwa wamevila mpaka kwenye chuma. Nyaya zilitafunwa. Jasho la turubai lilikuwa limekaa sakafuni msimu mzima wa mvua, na bati la sakafu nililigusa likabaki mkononi mwangu kama ganda la mkate. Kioo cha pembeni cha upande uliobaki kilikuwa na ukungu usiofutika. Lakini kile cha Uketi kilikuwa kinang'aa, maana alikifuta kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza. Kiti cha nyuma, kile ambacho maharusi walikikalia, mama mmoja wa kwaya alikuwa amekishona mahali palipofumuka, kwa uzi wa rangi ile ile, na sijui aliupata wapi. Na bateri: kwa Mama Sifa ilikuwa inapelekwa kila juma kwa mapadri kuchajiwa kwenye jenereta yao. Kwangu ilikaa kwenye kona, na kabla ya mwezi kuandama ilikuwa imekufa.

Mali ya bahili huliwa na dudu. Nilikuwa nimeusikia msemo huo tangu utoto na siku zote nilidhani unamhusu mtu mwingine. Nilikaa juu ya kiti cha nyuma, katikati ya ua, nikatazama. Kila kilichokuwa kizima ni kile mama yako alichokitoa, na kila nilichokilinda mimi kilikuwa kimeoza.

Nikashtukia pia kwamba ua ulikuwa kimya. Wanawake walipita kwenda sokoni wakitazama mbele. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mgonjwa yuko namna gani. Sikujua jinsi nilivyokuwa naipenda salamu ile mpaka ilipokatika.

Bateri ndiyo niliyoirudisha kwanza. Niliipeleka kwa mapadri, ikachajiwa, nikaibeba kwa Mama Sifa. Siku hiyo nilijua uzito wake. Yeye alinitazama nilivyokuwa natweta akacheka kidogo. "Bibi yako alileta hii juu ya kichwa, na tumbo ile," alisema. "Nikamukatalia. Nikasema, mume wako atakasirika. Akaniambia, 'Mama, ile gari haina fasi inaenda. Lakini batoto banakuya tu.'" Nilisimama pale mlangoni. Nilikuwa nimeishi na mwanamke huyu, nimekula chakula chake, na sikuwa nimejua nimeoa mtu wa namna gani. Nikainama nikafunga nyaya mimi mwenyewe, na balbu ilipowaka Mama Sifa alipiga kigelegele kimoja kifupi.

Kiti nilikipeleka kwa kwaya. Walikipokea, wakaniimbia wimbo mzima nimesimama, kwa adhabu nadhani.

Kwa Uketi ndiko nilikoogopa. Alikuwa peke yake. Nilitundika kioo kwenye msumari wake, nikasimama. Alinisimamisha muda, akipiga wembe wake kwenye ngozi. Kisha akanionyesha kiti. Nilikaa. Alinipaka povu, akaninyoa upande mmoja, akaweka wembe mezani, akaenda nje kuongea na watu. Nilibaki nusu nimenyolewa, natazama kioo changu, na kila aliyepita alichungulia akacheka. Aliporudi alimaliza upande wa pili taratibu sana, akanifuta shingo, ndipo akasema: "Sasa mugonjwa iko namna gani?"

Nililia, Riziki. Nilisema ni sabuni imeingia jichoni, naye akakubali kuwa sabuni ya siku hizi ni mbaya.

Tangu siku ile Mgonjwa alianza kupona kweli. Sakafu niliitengeneza kwa mbao za mvule, nimezipanga na kuziunga kwa ulimi na mfereji, kila ubao ukiuma mwenzake, kama sakafu ya kanisa, na unazijua, maana ulijifunzia kutambaa juu yake. Moteri ilikuwa imeganda; tukaijaza mafuta na kuiacha inywe, na kila asubuhi fundi wa kamyo alikuja kuijaribu kwa upau, mpaka siku moja ikasogea kidogo, akapiga kelele kana kwamba amefiwa. Gasketi tulikata kwenye karatasi ngumu ya masanduku. Springi za nyuma zilitoka kwenye kamyo, ndiyo maana mpaka leo matako yake yako juu. Mahali pa bateri mpya tukaweka bateri kuukuu, iliyokuwa na uhai kidogo tu, isiyoweza kugeuza moteri. Kwa hiyo gari halikuwa na njia ya kuwaka ila kusukumwa. Mgonjwa alikuwa ameamua mwenyewe kwamba siendi popote bila majirani.

Walikuja. Uketi na suti yake, kwaya, wanawake wa sokoni na vikapu vyao vimewekwa chini, hata yule mteja wa povu. Walisukuma kutoka kwenye ua mpaka kwenye mteremko, nami nimekaa juu ya kreti ya bia mahali pa kiti cha mbele, naomba Mungu. Nikaachia klachi. Likakohoa, likatoa moshi mweusi ulioficha kwaya nzima, kisha likanguruma. Mungu wangu! Ile sauti ya tumboni, ile ile ya siku ya kitanda. Nilikaa ndani yake sasa. Boneti lilitetemeka mbele yangu, mbao zangu za mvule zikatetemeka chini ya miguu, na nje watu walikuwa wanaruka. Mama mmoja alipiga kelele: "Mugonjwa amekula! Mugonjwa amekula!" Sijawahi kuona kitu kizuri kuliko kile kilichotengenezwa na mikono ya watu, na nakumbuka nilijiambia, mama yako hayupo kukiona.

Sikulizima. Niliogopa kulizima. Waliniletea mbuzi, maana hakuna mtu anayekwenda kumrudisha mke mikono mitupu, wakamweka nyuma, mahali pa kiti. Nikaondoka kwenda Aveba.

Barabara unaijua. Kwenye mlima wa Bogoro maji yalichemka, boneti likatoa moshi, na wanawake wa shamba wakanipa maji ya kunywa nikalinywesha gari. Kila kijiji watoto walitukimbilia na mbuzi alilia dirishani. Nilifika Aveba nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Babu yako alikuwa amekaa mbele ya nyumba anatengeneza mpini wa jembe. Hakusimama. Alisikiliza sauti ya moteri mpaka nilipoizima, akalitazama gari kutoka pua mpaka mkia, akatazama ng'ombe asiye na pembe, kisha akanitazama mimi.

"Ulikuya kuchukua mutoto yangu," alisema, "na ile kitu ilimufukuza?"

Njia nzima nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, ya heshima, yenye methali, na lile sikuwa nimelifikiria. Nilidhani gari lingesema kwa niaba yangu. Hilo ndilo kosa langu jingine, mwanangu, na nilikuwa nimeliendesha mimi mwenyewe mpaka mlangoni pao. Nilikaa chini pale nilipokuwa, kwenye udongo. Babu yako akaendelea na mpini wake. Mbuzi akalia. Nilijua kwamba akisema rudi ulikotoka, nitarudi, na nitakuwa na gari zuri kuliko yote ya Ituri maisha yangu yote.

Mama yako alitoka nyumbani. Alikuwa mzito sana, anatembea na mkono kiunoni. Hakuja kwangu, alikwenda moja kwa moja kwenye gari. Aligonga boneti kwa kidole, kama siku ya kwanza. Akazunguka. Akachungulia dirisha la nyuma, na mbuzi na yeye wakatazamana. Kisha akauliza, mgongo amenigeuzia:

"Kiti ya nyuma iko wapi?"

"Nilirudisha kwa kwaya."

Akapangusa vumbi la dirisha kwa kitenge.

"Na bateri?"

"Iko kwa Mama Sifa."

Mabega yake yakaanza kutetemeka. Nilidhani analia, nikasimama. Alikuwa anacheka, Riziki. Alicheka mpaka akashika ukuta wa gari, na babu yako akaweka mpini chini akauliza kwa lugha yao kuna nini, na mama yako hakuweza kumjibu. Sijawahi kupewa msamaha mwingine unaofanana na ule, na kusema kweli hakuwahi kunilaumu tena kwa jambo lile.

Mbuzi tulimwacha. Bibi yako alitoa kigoda chake cha miguu mifupi, akakiweka juu ya mbao za mvule, akakunja blanketi juu yake, na mama yako akakaa hapo nyuma kama malkia, ameshika ukingo wa kreti yangu ya bia. Vijana wa Aveba walitusukuma. Njia nzima kurudi alinisimulia habari za watu, na kwenye kila shimo alisema, "Polepole, tuko babili huku." Ulizaliwa Bunia, kwa Mama Sifa, usiku, na balbu ilikuwa inawaka. Najua kwa sababu nilikuwa dirishani nahesabu pumzi zako.

Sasa umejua tulikuwa tunacheka nini jana. Uliuliza swali la mama yako, kwa maneno yake yale yale, na mkono kiunoni kama yeye, na hukujua.

Na jibu ni hili: kwaya walikirudisha zamani, na sasa nimekitoa mimi. Usimkasirikie mama yako, safari hii hakuwapo hata nyumbani. Binti wa mwisho wa Uketi anaolewa kesho. Uketi alikuja, mzee sasa, anaona aibu kuomba kwa sababu alijua ni siku yako. Nilifungua bolti kabla hajamaliza sentensi. Sikufanya hivyo ili nikufundishe kitu. Ni kwamba mkono wangu ulikuwa umeshika spana tayari, na nilipouona nilifurahi sana kwa ajili ya mkono huo.

Nimeona pia kufuli kubwa uliyonunua kwa ajili ya sanduku lako. Ni kufuli nzuri. Uchu huo umeurithi kwangu, kwa mama yako hauko. Nenda nayo, sitakuambia uiache. Huko kwenye chumba cha wasichana wengi utajua mwenyewe lini iwe imefungwa na lini iwe wazi, kwa maana una macho ya mama yako na umenizidi akili mimi nilivyokuwa kwa umri wowote. Nakuangalia unavyobeba ndoo, unavyowajibu wazee, unavyowashika watoto wa watu, na nashangaa kwamba kitu kama wewe kilitoka nyumbani kwangu. Mgriki alikuwa na gari zuri, lakini hakuwa na binti kama wewe.

Kesho alfajiri watakuja kutusukuma, usijali, bateri bado ni ya kufa nusu. Tutakwenda mpaka Komanda ambako kamyo ya Kisangani inakungoja. Sanduku litakaa mbele na mimi. Mama yako ameshasema hatakaa mbele, atakaa na wewe nyuma, na ameshatoa kigoda cha bibi yako na kukipangusa. Mtabanana, na mashimo ni mengi, nami nitakwenda polepole.

Usiogope kwamba hakuna kiti. Ulishasafiri hivyo ndani ya gari hili, umebebwa tumboni mwa mama yako juu ya kigoda hicho hicho, na ulifika salama.

Mimi baba yako, shofere wako wa kesho